Mlio wa Tano

Mimi ni mwoga wa simu. Watoto wangu wananicheka, maana nikisikia simu inaita mahali na hakuna anayeipokea, hata kama ni ya mtu nisiyemjua, nainuka kwenda kuitafuta iliko. Mlio wa kwanza navumilia, wa pili nageuza shingo, ukifika wa tatu nimeshasimama. Wao wanasema ni uzee. Siwabishii, kwa sababu nikianza kuwaeleza itabidi niwaeleze yote, na iko sehemu ya habari hii ambayo sijamwambia mtu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mfanyakazi Dar es Salaam alikuwa na mradi wake pembeni ya kazi. Mwenzangu mmoja ofisini alikuwa anafuga kuku wa mayai kule Goba, mwingine anauza mitumba ya watoto. Mimi, karani wa ofisi moja mjini, nikanunua kompyuta. Niliinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, nikaiweka chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia marehemu baba, Tandika. Jioni nikitoka kazini nachapa barua za kamati za harusi, maombi ya kazi, tasnifu za wanachuo. Mtaa mzima ulijua kwamba kwetu kuna kompyuta, na kwamba mwenye kompyuta ana maringo. Maringo nilikuwa nayo kweli.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na ugonjwa wa unyevu. Hewa ya pwani ilikuwa imeingia ndani yake, na kila ukiiwasha inakataa kuamka mpaka ipate joto karibu saa nzima. Nilikuwa nafika nyumbani saa kumi na moja na nusu nimechoka, halafu nakaa kuikodolea macho mpaka giza linaingia, mashine inanguruma tu, kioo cheusi.

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alikuwa fundi redio Buguruni. Kijana mwenye mikono ya ajabu. Redio iliyozama kwenye maji ya mvua aliifufua. Siku moja akaniona nimekaa mbele ya kioo cheusi, akacheka.

"Dada, simu si mnayo? Nitakufanyia uwe unaiamsha ukiwa hukohuko kazini."

Simu tulikuwa nayo, nayo ilitoka kwa marehemu baba. Nyeusi, nzito, iko sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na kwenye tundu za kuzungushia namba nimeifunga kufuli dogo ili mtaa usiimalize. Funguo nilikuwa natembea nao. Kupokea ruksa kwa yeyote, kupiga hapana.

Baada ya wiki moja akaja na kisanduku kidogo, ukubwa wa mche wa sabuni. Waya mmoja ukaenda kwenye simu, mwingine kwenye umeme wa kompyuta. Kazi yake ilikuwa hivi: simu ikiita mara tano bila kupokelewa, kisanduku kinagonga "ka", kompyuta inawaka. Ikiita tena mara tano bila kupokelewa, "ka", inazima. Nikipiga sikupaswa kusema neno. Napiga, nahesabu milio mitano, naweka chini. Nikiwa kwenye meza yangu mjini, ghorofa ya tatu, nilikuwa nawasha kitu Tandika. Mara ya kwanza nilipofika nyumbani nikakuta kioo kinameta kijani kwenye chumba nilichokifunga mwenyewe kwa funguo, nilifurahi, lakini nywele za shingoni zilinisimama.

Mama yeye hakufurahi hata kidogo. Mwanamke wa Kizaramo, mzaliwa wa mjini hapahapa, aliyewahi kuishi na taa ya chemli, na redio ya mbao, na marehemu baba, akavizoea vyote. Hiki hakukizoea. Alikataa kukanyaga chumba cha mbele.

"Kitu kinachoamshwa na mtu ambaye hayupo," aliniambia, "mie simo."

Tukapatana. Simu ile ilikuwa ya mtaa mzima kwa upande wa kupokea. Ndugu wa majirani walipiga kutoka Tanga, Mbeya, Kigoma, na mama alikuwa anapokea kabla mlio wa pili haujaisha. "Piga tena baada ya dakika kumi," anamwambia mpigaji, halafu anatoka barazani kuita anayehitajika. Ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko zote, maana alikuwa wa kwanza kujua kila harusi na kila msiba. Makubaliano yalikuwa kwamba saa kumi jioni tu simu ni yangu, ikiita aiache. Saa nyingine zote ni yake.

Tatizo ni kwamba mama hakuwa mtu wa saa ya mkononi. Saa kumi yake ilikuwa adhana ya alasiri, na siku nyingine akizubaa na mboga jikoni hata adhana hakuisikia. Napiga, nahesabu moja, mbili, mara nasikia, "Haloo, nani mwenzangu?" Nikimwambia ni mimi, aiache, anaanza kunisalimia.

Akanifanyia hivyo siku tatu mfululizo, na ya tatu nilikuwa na tasnifu ya mtu inayotakiwa asubuhi. Nilifika nyumbani nimevimba. Sikuvua hata viatu, nikamsimamia mlangoni.

"Mama, kuanzia leo simu ikiita usiiguse. Asubuhi, mchana, jioni. Iache iite mpaka ichoke."

"Na wenye ndugu zao?"

"Wenye ndugu zao waandike barua."

Akaniangalia. "Sawa, mwanangu," akasema. Ile sawa ya mama naijua tangu utotoni, ni sawa ya mtu aliyefunga mlango. Habari ya simu hakuitaja tena. Na mimi, kwa kuwa kompyuta ilianza kukutwa ya moto kila jioni, nikajiona nimeshinda. Mdogo wangu wala sikumwambia. Alikuwa anaishi Buguruni, na ugomvi wa nyumbani kwetu wa nini kumpelekea.

Hazikupita siku tatu, kompyuta ikaanza kujiwasha.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni, sikuwa nimepiga simu popote, nikafungua chumba cha mbele nikakuta kioo kinawaka. Mashine ilikuwa ya moto, ina saa nyingi iko macho. Jumatatu nikapiga saa kumi kama kawaida, nikafika nikaikuta baridi, imelala. Jumanne ikawa macho tena kabla sijaiamsha. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba nikiwa nyumbani haikufanya kitu. Ilingoja nitoke. Mimi niliyemcheka mama, nikaanza kuogopa kuingiza funguo kwenye mlango wangu mwenyewe. Nasimama kwanza, nasikiliza kama inanguruma, natia sikio kwenye mbao.

"Mama, kuna mtu ameingia humu?"

"Aingie vipi na funguo unao wewe?"

Sikumuuliza kuhusu simu. Kwa nini sikumuuliza, nimejiuliza miaka mingi. Nadhani nilikuwa sitaki kumfungulia mlango wa kunisema.

Nikampitia mdogo wangu kwenye banda lake. Akasikiliza, akakuna kidevu, akasema itakuwa kiwashio cha ndani kimelegea, umeme ukipanda na kushuka kinajigonga chenyewe. Maneno hayo yaliniponya nusu ya woga. Akasema atakuja Alhamisi asubuhi nikiwa kazini, nimwachie funguo.

"Ila sikia, dada. Lazima nikifungue kisanduku kikiwa na moto wa umeme, bila moto sioni kinakorofisha wapi. Nitakuwa nimeshika waya unaokwenda kwenye kompyuta. Simu nyingine hazina neno, mama anazipokea. Wewe tu, usipige. Ukipiga umeniua."

Alisema huku anacheka. Nikacheka pia, nikamwambia sipigi. Maneno ya katikati, yale ya mama anazipokea, yalipita masikioni mwangu kama upepo. Nilikuwa nawaza tasnifu.

Alhamisi nikaenda kazini. Kila nilipoiona simu ya mezani kwangu niliisogeza mbali kidogo, nikiogopa mkono wangu wenyewe usije ukajisahau. Saa tano kasoro robo ikaita. Nikaipokea.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya mbali, yenye lafudhi ya Mbeya. Alijitambulisha kuwa kaka wa jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Mwalimu nilikuwa nimempa namba ya ofisini kwa jambo la dharura.

"Mama, samahani kukusumbua kazini. Baba yetu amefariki alfajiri ya leo. Tunaomba umfikishie dada."

"Poleni sana," nikasema, nikashika kalamu.

"Asante. Tumepiga nyumbani kwako mara mbili, tukaacha kama dakika kumi hivi katikati. Inaita, inaita, hakuna anayepokea. Ngoja tujaribu tena na sasa hivi."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Yote yalinijia kwa mara moja. Jumamosi ile, Jumanne ile, mashine inayongoja nitoke. Halikuwa jini wala kiwashio kilicholegea. Ilikuwa ni simu za mtaa, simu za watu na ndugu zao, zinazoita mara tano bila kupokelewa kwa kuwa mimi nimemkataza mama asiziguse, na nikiwa nyumbani nazipokea mwenyewe. Na mara mbili asubuhi hiyo ziliita, mdogo wangu akiwa ameshika waya.

"Msipige," nikasema.

"Mama, ni msiba," akasema.

"Najua ni msiba. Nakuomba kwa Mungu, msipige nyumbani kwangu. Nitamwambia mwenyewe, msipige tena."

Laini ikakatika. Simu za mikoani siku zile zilikuwa zinakatika zinavyotaka, na mpaka leo sijui kama alinisikia. Nilibaki na mkono wa simu sikioni nikisikiliza mvumo mtupu.

Mwenzangu wa kuku wa mayai alinitazama. "Vipi, kuna nini?"

Nikamwambia kwa maneno yaliyochanganyikana kwamba mdogo wangu huenda amepigwa na umeme nyumbani.

"Sasa si upige uulize?" akasema, na akanyoosha mkono kwenye simu yangu anisaidie.

Nilimnyang'anya kwa nguvu mpaka kikombe chake cha chai kikamwagika. Namba ya nyumbani kwetu niliijua kuliko jina langu, simu iko mbele yangu, na sikuweza kuuliza kama ndugu yangu yu hai. Kama ile ya kwanza iliwasha na ya pili ikazima, basi yangu ingewasha tena. Kama mama angepokea ningejua, lakini mama hatapokea. Mama namjua, akiwekewa sharti kwa ukali hulishika sharti hilo mpaka aliyeliweka aone haya. Nikawa naomba kitu kimoja tu, mama awe amekaidi. Sijawahi kumwombea mama yangu ukaidi kabla ya siku ile.

Dereva wa ofisi alinipeleka na pikapu. Sikumbuki nilimwomba vipi. Nakumbuka tulikaa Gerezani nyuma ya mkokoteni wa mbao usiotaka kupisha, na mimi nikawa nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikifika tano naanza upya. Dereva akaniuliza nahesabu nini, nikamwambia aendeshe. Chang'ombe nikaona kibanda cha simu ya umma, mtu yuko ndani amejiegemeza anapiga, nikamwona kama vile huyo naye alikuwa anapiga kwetu. Nchi nzima nilikuwa naiona imeshika simu.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Sebuleni simu imekaa juu ya kitambaa chake, kimya. Nikaita, hakuna aliyeitika. Chumba cha mbele kilikuwa wazi pia.

Stuli ilikuwa imepinduka. Kisanduku kilikuwa mezani kifuniko wazi, waya zake zimetoka nje, ule wa umeme bado umechomekwa ukutani kwa njiti za kiberiti kama mafundi wetu walivyozoea. Harufu ya kuungua ilikuwa imejaa chumba. Na sakafuni, katikati ya chumba ambacho mama yangu aliapa hakanyagi, ulilala mchi wa kinu, kichwani una majani ya kisamvu mabichi.

Nikashika fremu ya mlango. Nikasikia sauti za watu upande wa nyumba ya pili.

Mdogo wangu alikuwa amelala barazani kwa mwalimu, juu ya mkeka, kichwa kwenye mapaja ya mwalimu. Shule zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana mwalimu alikuwa nyumbani. Mkono wa kulia umefungwa kwa kanga, umepinda pasipo na kiungo. Vidole vya mkono ule vilikuwa vyeusi kwenye ncha. Lakini macho yalikuwa wazi, na yakanigeukia.

"Dada," akasema taratibu, "ulipiga?"

"Sikupiga. Wallahi sikupiga."

"Nilijua hukupiga," akasema, akafumba macho.

Mwalimu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya darasani, anampepea mgonjwa kwa daftari. Akanieleza kama alivyoelezwa na mama. Mama alikuwa uani anatwanga. Akasikia sauti isiyo ya mtu. Akaenda akamkuta mwanawe ameganda kwenye waya anatetemeka, hawezi kuachia. Watu wengi wangemshika kwa mikono nao wakagandana naye. Mama akarudi uani mbio, akachukua mchi, akampiga mkono mpaka ukaachia, na mfupa ukavunjika. Ndipo alipotoka nje kumwita mwalimu, wakambeba.

"Mama ana nguvu, jamani," mwalimu akasema. "Mtoto kapona. Mungu mkubwa. Mkono utaunga."

Mama alikuwa ameketi kwenye kizingiti, viganja vimelala mapajani vimeangalia juu. Nikamsogelea, nikapiga magoti. Nilitaka kumshika, nikaogopa.

"Simu iliita," mama akaninong'oneza, mwalimu asisikie. Hakuwa na hasira, alisema kama anayetoa habari. "Akaniita kutoka ndani, 'Mama, simu.' Nikamwambia dada yako kakataza. Sijui kama alinisikia, nilikuwa natwanga. Ikaita mpaka ikachoka."

Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe, nimesimama mlangoni na viatu vyangu.

Dereva akasogeza pikapu. Tulikuwa tunampandisha mgonjwa, mwalimu ameshika kichwa, mimi miguu, mwalimu akaniuliza kwa furaha yake ileile, "Sasa wewe ulijuaje? Simu mmeifunga kufuli, hatukuweza kukupigia. Nani kakwambia?"

Ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimembebea msiba wake. Yeye alikuwa amempakata ndugu yangu asubuhi nzima, na kifo cha baba yake kimekaa mdomoni mwangu tangu mjini. Tukamlaza mgonjwa kwanza. Nikamshika mwalimu mikono miwili nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale kwenye mchanga, pembeni ya gurudumu, akauliza saa ngapi. Nikamwambia alfajiri. Akauliza nani kaleta habari. Nikamwambia kaka yako, alipiga ofisini kwangu.

"Na hapa hakupiga?"

"Alipiga. Mara mbili."

Habari ya kisanduku na milio yake mitano aliijua, kama mtaa mzima. Nilimwona anahesabu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, haikumchukua muda. Akainua uso, na uso ule nauona mpaka leo.

"Kumbe ni sisi," akasema. "Ni simu yetu iliyompiga huyu mtoto."

Akatambaa kwa magoti mpaka kwa mama yangu pale kwenye kizingiti, akamshika miguu. Mtu aliyefiwa na baba siku hiyohiyo, akamwomba mama yangu msamaha kwa kosa ambalo si lake. Mama akaweka mkono juu ya kitambaa cha kichwa cha mwalimu, akamwambia nyamaza, mwanangu, nyamaza. Halafu akaniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu, akiningoja.

Nilikuwa na ulimi. Ilikuwa sentensi moja tu. Nilisema, "Ni mipango ya Mungu, mwalimu," nikapanda kwenye pikapu kumshika mdogo wangu.

Mkono uliunga, ila vidole viwili havikurudi, na redio ndogondogo aliziacha. Kisanduku alikivunja mwenyewe kwa nyundo. Kompyuta niliiuza. Mama akarudi kupokea simu kabla mlio wa pili haujaisha mpaka alipofariki, na siku hata moja hakunikumbusha.

Mwalimu alihamia Pugu baadaye. Kila tulipokutana, kabla hata ya kuulizana hali, alishusha sauti na kuuliza, "Na ule mkono wa mdogo wako?" Nami kila mara nilimjibu, "Haujambo, mwalimu. Sisi tulishawasamehe."